Thomas Edison: mtu wa taa aliyeteswa miaka kumi na betri ya kuchaji

Jina la Thomas Edison linajulikana hata kwa mtoto wa shule, juu ya taa ya umeme. Lakini kazi iliyomkula miaka mingi, pesa nyingi na usingizi mwingi haikuwa taa. Ilikuwa betri. Taa aliitafuta kwa muda wa mwaka na kitu hivi. Betri ya kuchaji ilimshika miaka kumi, toka 1899 mpaka 1909, na katikati ya safari ilimwangusha mbele ya watu wote.

Kwa nyumba ambayo radio inasema kwa nguvu ya majiwe, hadithi hii iko karibu kushinda ile ya taa. Sokoni mtu anasimama mbele ya majiwe ya aina mbili: yale ya kutupa, bei ndogo, na yale ya kuchaji, bei kubwa mara kadhaa. Ananunua ya kuchaji. Anasoma juu yake volti 1,2 wakati yale mengine yameandikwa 1,5, anawaza kama amedanganywa. Anayaacha miezi mitatu ndani ya kabati, anayakuta yamelegea. Usiku tochi inawaka vizuri, halafu inazimika ghafla bila kuaga. Nyingi ya tabia hizo zilikuwa tayari ndani ya betri ya Edison zaidi ya miaka mia moja iliyopita, juu metali moja aliyoichagua yeye ingali inafanya kazi ndani ya majiwe hayo mpaka leo.

Kijana wa telegrafu

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 huko Milan, mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, na akakomalia Port Huron, jimbo la Michigan. Shuleni hakukaa sana. Mama yake, Nancy, aliyekuwa mwalimu mbele ya kuolewa, ndiye alimfundisha nyumbani. Akiwa na miaka 12 alianza kuuzisha magazeti na bonboni ndani ya treni iliyokuwa inaenda Detroit, na ndani ya behewa la mizigo akaweka chupa zake za dawa kwa kufanya majaribio. Masikio yake yalianza kufa angali kijana, na mpaka uzee alisikia kwa shida.

Mwaka wa 1862, kwenye kituo cha Mount Clemens, alimtoa mtoto wa mkubwa wa kituo kwenye reli wakati behewa lilikuwa linakuja juu yake. Baba wa mtoto akamshukuru kwa kumfundisha kazi ya telegrafu. Kwa kazi hiyo kijana akazunguka miji mingi, akilala fasi anayopata, akitumika zaidi usiku.

Telegrafu ilikuwa inakula betri. Wakati ule hakukuwa umeme wa kuvutwa kwa nguzo mpaka nyumbani. Kila ofisi ilikuwa na safu za mitungi, na ndani ya mtungi kipande cha zinki kilikuwa kinaliwa polepole na dawa. Kule kuliwa ndiko kulikotoa umeme. Zinki ikiisha, wanaweka ingine, wanamwaga maji yaliyochoka, wanaanza upya.

Jiwe la kutupa la leo linafuata njia ileile. Kwa jiwe la bei ndogo, hata lile kopo la nje ni zinki, linaliwa toka ndani. Ndiyo maana jiwe lililochoka linatoboka na kumwaga maji yake ndani ya radio. Zinki hapo ni kama kuni: ikiisha kuungua imekwisha. Watu wengi huanika majiwe juani, na kweli radio inasema tena kidogo, juu joto linaamsha dawa iliyobaki. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi kwa jua.

Betri inayorudi ilikuwa tayari imezaliwa kule Ufaransa. Mwaka wa 1859 Gaston Planté alichukua vibao viwili vya risasi, akavitia ndani ya maji ya asidi, akaona kama umeme ukiingizwa unabaki, na baadaye unatoka. Betri kubwa ya gari ya leo ni mjukuu wake. Edison aliijua mapema, na kwa njia mbaya. Inasimuliwa kama mwaka wa 1867, akiwa zamu ya usiku huko Louisville, alikuwa anachezea betri ya risasi, asidi ikamwagika, ikapita katikati ya mbao za sakafu na kuangukia meza ya mkubwa wake chini. Asubuhi hakuwa na kazi tena.

Aliidharau kwanza

Miaka ikapita, Edison akawa mtu mkubwa. Mwaka wa 1876 alifungua maabara Menlo Park, jimbo la New Jersey. Mwaka wa 1877 akatoa fonografu, mashine ya kwanza ya kushika sauti ya mtu na kuirudisha. Mwaka wa 1879 taa yake ikawaka muda wa kutosha. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha umeme cha mtaa wa Pearl Street, New York, kikaanza kutoa umeme kwa wateja.

Wakati huohuo wafanyabiashara walikuwa wanazunguka na betri za risasi, wakiahidi kama zitawasha kila nyumba. Edison hakuzipenda. Mwaka wa 1883 aliwaambia waandishi wa habari kama betri ya kuhifadhi umeme ilikuwa njia ya kukamata pesa za watu wasiojua, na kama mtu akiingia tu katika biashara hiyo, uongo unamwamkia ndani. Yeye mwenyewe alikuwa anauzisha umeme wa vituo, basi hakuwa shahidi asiye na faida yake. Lakini lawama yake ilikuwa na ukweli: betri nyingi za siku zile ziliuzwa kwa ahadi mbele ya kupimwa kwa miaka. Maneno hayo yatamrudia baadaye.

Mke wake wa kwanza, Mary, alikufa mwaka wa 1884 na kumwachia watoto watatu. Mwaka wa 1886 alimuoa Mina Miller, wakapata watoto watatu wengine. Mwaka wa 1887 akajenga maabara kubwa kushinda ya kwanza huko West Orange, na hapo ndipo alikaa mpaka mwisho.

Kabla hajatengeneza betri ya kuchaji, Edison aliuzisha kwanza betri isiyochajika. Karibu na mwaka wa 1890 alianza kutoa betri iliyoitwa Edison-Lalande, juu wazo la kwanza lilikuwa la Mfaransa Félix de Lalande. Ilikuwa na zinki na oksidi ya shaba ndani ya maji makali ya soda. Volti zake zilikuwa chache, hata 1 haikufika. Lakini ilikuwa na uvumilivu. Iliweza kukaa kwenye taa na kengele za reli muda mrefu bila kupoteza nguvu, ikitoa kidogo kidogo kila wakati inapoombwa. Vipande vikiliwa, mfanyakazi wa reli anabadilisha na kuendelea. Watu waliitumia pia kwa fonografu.

Uvumilivu huo ndio jiwe la kutupa linashika mpaka leo. Jiwe zuri la alkalini likikaa kabatini linapoteza asilimia chache tu kwa mwaka. Saa ya ukutani inaomba umeme kidogo sana, lakini mchana na usiku, mwaka mzima. Rimoti vilevile. Tochi ya dharura inayongoja miezi bila kuguswa vilevile. Kwa kazi kama hizo jiwe la kutupa halishindwi kwa urahisi.

Kutafuta kitu kinachorudi

Karibu na mwaka wa 1899 Edison alibadilika. Magari yalikuwa yanaanza kuonekana barabarani: mengine ya mvuke, mengine ya petroli yenye kelele na moshi, mengine ya umeme. Ya umeme yalikuwa rahisi kuongoza na hayakunuka. Shida yao ilikuwa betri ya risasi: nzito, na asidi yake inakula kila kitu, hata vibao vyenyewe. Edison aliona kama mtu atakayepata betri nyepesi, isiyo na asidi, atashika magari yote.

Zinki aliijua vizuri, na alijua ubaya wake. Inapotoa umeme inayeyuka ndani ya maji. Ukiirudishia umeme, hairudi sawasawa pale ilipotoka. Inaota kama miiba, na mwiba mmoja ukigusa upande wa pili, betri imekufa. Ndiyo maana kuchaji jiwe la kutupa ni hatari: dawa yake haikupangwa kurudi, gesi inaingia ndani, jiwe linavimba, linamwaga au linapasuka.

Basi Edison akatafuta metali mbili ambazo hazitayeyuka: zibaki kila moja mahali pake, na oksijeni peke yake ndiyo ihame toka upande mmoja kwenda mwingine, halafu irudi wakati wa kuchaji. Yeye na watu wake walijaribu metali moja baada ya ingine, dawa moja baada ya ingine, maelfu ya majaribio. Mwisho akabaki na nikeli upande wa chanya na chuma upande wa hasi, ndani ya maji ya potasi. Kila chumba kimoja cha betri hiyo kilitoa karibu volti 1,2.

Hapo ndipo ilitoka ile namba inayowasumbua wanunuzi sokoni. Volti ya betri haitoki kwa ukubwa wake, wala kwa uaminifu wa kiwanda. Inatoka kwa metali zilizo ndani. Zinki na manganizi, ndani ya jiwe la kutupa, vinaanza na 1,5. Nikeli pamoja na mwenzake ndani ya potasi inakaa karibu na 1,2. Hakuna aliyeiba volti 0,3.

Edison hakuwa peke yake. Kule Uswidi, Waldemar Jungner, kijana wa kuzaliwa mwaka wa 1869, alikuwa anapita njia ileile, na kwa sehemu alikuwa mbele yake. Jungner alijaribu nikeli na chuma, na mwaka wa 1899 akatengeneza nikeli na kadimiamu. Wawili hao wakagombana juu ya hati za uvumbuzi. Edison alikuwa na pesa, wanasheria na jina. Jungner alikuwa na kampuni ndogo, na kesi zikaichosha. Lakini majiwe ya kwanza ya kuchaji yaliyoenea majumbani katika karne iliyofuata yalifuata nikeli na kadimiamu ya Jungner, si chuma cha Edison. Mswidi huyo alikufa mwaka wa 1924, na watu wachache nje ya nchi yake wanamjua.

Betri ya alama E na aibu yake

Mwaka wa 1901 Edison alianzisha kampuni ya betri. Magazeti yalikuwa yanamngoja, na yeye hakunyamaza: aliahidi betri nyepesi, itakayodumu kushinda gari lenyewe. Mwaka wa 1903 betri ya alama E ikaingia sokoni, na wenye magari ya mizigo wakanunua.

Baada ya muda malalamiko yakaanza kurudi. Makopo ya chuma yalikuwa yanavuja kwenye maungio. Kibaya zaidi, betri nyingi zilikuwa zinapungua nguvu: leo zinatembeza gari mbali, baada ya miezi zinatembeza nusu ya njia. Ndani, nikeli ilikuwa imechanganywa na unga wa grafiti ili umeme upite. Kila mara betri inapochajiwa na kutoa, ile nikeli inavimba na kupungua, inavimba na kupungua, na grafiti ikaanza kuachana nayo. Dawa ilikuwa ingalipo, lakini haikuguswa tena na umeme. Jiwe la kutupa linafanya safari moja tu, basi halikutani na shida hiyo. Betri ya kuchaji inapimwa kwa safari ya mia, ya mia mbili, ya mia tano. Mtu hawezi kuijua kwa wiki moja.

Edison alikuwa amefanya kitu alichowalaumu wengine mwaka wa 1883: kuuzisha betri mbele ya miaka kuipima. Mwishoni mwa 1904 alikuwa na njia mbili. Wako wateja waliokuwa wangali wanataka kununua, juu hata ikiwa na kasoro, betri ya alama E ilikuwa na faida zake kwa kazi fulani. Angeweza kuendelea na kutengeneza polepole. Akasimamisha kiwanda. Wafanyakazi wakaenda nyumbani, magazeti yakacheka, na yeye, mwenye miaka karibu 58, akarudi kwenye meza ya majaribio.

Miaka minne zaidi ilipita hivyo. Pesa zilizoingia ndani ya kazi ya betri zilipita dola milioni moja, nyingi zikitoka kwa fonografu na kazi zake zingine. Grafiti akaitupa. Badala yake akatengeneza vijani vya nikeli vyembamba sana, akavipanga na dawa ya nikeli tabaka juu ya tabaka, mamia ya tabaka, ndani ya vimirija vya chuma vyenye matundu, ili dawa ikivimba isipate fasi ya kukimbilia. Ndani ya maji ya potasi akaongeza kidogo ya lithiamu, ikasaidia nguvu kudumu. Makopo yakaungwa upya. Inasimuliwa kama betri zilirushwa toka madirisha ya juu ya maabara ili waone zitavunjika fasi gani, na magari ya majaribio yalipitishwa kwenye njia mbovu mpaka yenyewe yakaharibika.

Mwaka wa 1909 betri mpya, alama A, ikatoka. Safari hii haikurudishwa.

Gari lilishindwa, betri ikaishi

Lakini miaka ile iliyopotea ilikuwa na bei yake. Mwaka wa 1908 Henry Ford, rafiki wa Edison ambaye zamani alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme ya Edison huko Detroit, alianza kutoa gari la petroli la bei ndogo, Model T. Mwaka wa 1912 gari la Cadillac likaja na mashine ya umeme ya kuwasha injini, kazi ya Charles Kettering. Mtu hakuhitaji tena kuzungusha chuma kwa mkono mbele ya gari. Na betri iliyochaguliwa kwa kuwasha injini ilikuwa ya risasi, juu inaweza kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache. Betri ya Edison ilitoa kwa upole. Kwa kusukuma injini baridi asubuhi, upole hautoshi. Mwaka wa 1914 Ford na Edison walisikika wakipanga gari la umeme la pamoja, lakini mpango ukafa.

Betri ikapata kazi fasi zingine: magari ya mizigo ya mjini, taa za ndani ya treni, alama za reli, na taa za kofia za wachimbaji wa mgodi. Mchimbaji alibeba betri mkiani mwa mkanda, taa kwenye kofia, na hakuhitaji moto wa wazi ndani ya shimo lenye gesi. Jioni anarudisha betri kwenye meza ya kuchaji, kesho anaichukua imejaa. Hiyo ndiyo kazi ya betri ya kuchaji: kutumika kila siku, kwa nguvu, na kurudi kila usiku.

Iko siku moja nyeusi pia. Jeshi la maji la Marekani lilikuwa linajaribu betri za Edison ndani ya nyambizi, juu asidi ya betri za risasi ikikutana na maji ya bahari inatoa gesi ya sumu. Nyambizi moja, E-2, iliwekewa betri zake. Tarehe 15 Januari 1916, ikiwa kwenye karakana ya jeshi huko New York, gesi ya hidrojeni iliyotoka kwa betri ilikusanyika ndani, ikalipuka. Watu wakafa, wengine wakaumia. Kukawa ubishi mkubwa: upande wa Edison walisema hewa haikupitishwa vizuri, wakubwa wa jeshi wakaangalia betri. Waliokufa hawakurudi kwa ubishi huo. Tangu hapo imebaki wazi kwa wote kama betri kubwa inapochajiwa inatoa gesi, na gesi inahitaji njia ya kutoka. Mtu mwenye batri ya gari au ya sola anayoichajia chumbani mwa kulala, dirisha likiwa limefungwa, analala na hatari ileile.

Alichoacha ndani ya jiwe dogo

Jiwe la kuchaji linalouzwa leo kwa radio na tochi, lile linaloandikwa NiMH, lilianza kuenea karibu na mwaka wa 1990. Upande mmoja ni nikeli ileile, maji ni potasi ileile. Fasi ya chuma cha Edison na kadimiamu ya Jungner, ambayo ni sumu, imechukuliwa na metali inayonyonya hidrojeni. Ndiyo maana volti ni 1,2 bado, na tabia zimefanana.

Jiwe la kutupa linaanza juu, volti 1,5 au zaidi kidogo, na toka dakika ya kwanza linashuka. Likiwa limefika katikati ya maisha yake, liko tayari karibu na 1,2, na radio ingali inasema, juu watengenezaji wa radio wanajua kama majiwe hushuka. Jiwe la kuchaji linashika 1,2 hiyo karibu safari yote, kisha mwishoni linaanguka kwa ghafla. Sauti ya radio na mwanga wa tochi havipungui polepole kama vya jiwe la kutupa. Vinakaa sawasawa, halafu vinakwisha. Mtu anayetembea usiku na tochi ya majiwe ya kuchaji afadhali abebe mengine yaliyojaa. Na chombo chenye alama ya kuonyesha nguvu kinaweza kusema majiwe yamekwisha wakati yamejaa, juu kilipangwa kwa kipimo cha 1,5.

Kazi ikiwa nzito, la kuchaji linashinda. Tochi yenye mwanga mkali au radio ya sauti kubwa inaomba umeme mwingi kwa mara moja. Jiwe la kutupa linachoka haraka hapo, linaacha nguvu nyingine ndani bila kuitoa, na likipumzishwa linaamka kidogo. La kuchaji linatoa bila kulalamika, na kesho linarudi tena, mara mamia likitunzwa.

Kazi ikiwa ya kungoja, linashindwa. Jiwe la NiMH la kawaida linaweza kupoteza robo ya nguvu ndani ya mwezi mmoja bila kutumika. Betri ya Edison ilikuwa na kasoro hiyo pia, na kubwa. Toka mwaka wa 2005 iko aina iliyotengenezwa kwa kutunza nguvu: baada ya mwaka mzima ingali na sehemu kubwa ya ile iliyowekwa ndani. Huandikwa kama imechajiwa tayari toka kiwandani.

Jambo moja linawadanganya wengi kwa majiwe makubwa ya radio. Kuna majiwe makubwa ya kuchaji ambayo ndani yamebeba jiwe dogo tu, na fasi iliyobaki ni tupu. Ukubwa wa nje hausemi kitu. Namba inayosema ni ile ya mAh: jiwe kubwa lenye 2.000 halina nguvu kushinda dogo lenye 2.000. Na jiwe dogo la saizi ya AA likiandikwa 4.000 au 5.000, namba hiyo si ya kweli. NiMH ya saizi hiyo haifiki hata 3.000.

Tena, kuchanganya ni kuua. Majiwe manne ndani ya radio yanatembea kwa mstari mmoja. Likiwemo moja dhaifu, matatu yenye nguvu yanalisukuma mpaka umeme wake unageuka kinyume, na hapo linaharibika. Majiwe yaliyonunuliwa pamoja yachajiwe pamoja na yatumike pamoja. Na yakiwa moto sana ndani ya chaja, yamekwisha kujaa. Kuyaacha hapo ni kuyapunguzia maisha.

Mwisho wa safari

Edison alikufa tarehe 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake West Orange, akiwa na miaka 84. Aliacha hati za uvumbuzi 1.093 za Marekani. Kiwanda cha betri yake kiliendelea miaka mingi baada yake, na mwaka wa 1972 kampuni kubwa ya betri za risasi ikakinunua, kisha ikakifunga mwaka wa 1975. Sababu moja ya biashara kufifia ilikuwa ya ajabu: betri zile zilidumu makumi ya miaka, na mtu ambaye betri yake haifi harudi dukani.

Gari la umeme alilolitaka limerudi, karibu miaka mia moja baada ya lile la Ford kulifukuza barabarani. Linatembea kwa betri za lithiamu, na nyingi kati ya hizo zina kobalti iliyotoka katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Nikeli ya Edison yenyewe imebaki kwenye kazi ndogo: ndani ya redio ya jikoni, ndani ya tochi ya mlinzi wa usiku, ikitoa volti yake 1,2 na kurudi kwenye chaja kila inapochoka.